Sare za Mikono Mifupi

"Mama mdogo, hawa wa jioni mbona hawaleti za mikono mifupi?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipouliza hivyo, nimekaa juu ya furushi la vitambaa kwenye kibanda chake cha ushonaji. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikuwa na pini nne mdomoni. Alinitazama, akacheka kwa pua, akaniita Mpelelezi, kisha akaendelea na pindo lake.

Alikuwa akivishonea sare vyuo viwili vya uuguzi. Cha mchana kilileta oda mbili kila mwaka: za mikono mirefu za darasani, halafu za mikono mifupi za wodini. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba wodini mkono wa nguo haupiti kiwiko, usije ukamgusa mgonjwa huyu ukampelekea yule ugonjwa. Chuo cha jioni kilileta za mikono mirefu tu.

Mwaka huo ndio aliokuwa anachagua chuo cha kusomea uuguzi yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na nne na cherehani imemchosha. Alipomuuguza bibi hospitalini, muuguzi mmoja alimwona anavyomgeuza kitandani bila kumuumiza, akamwambia, "Fundi, mikono hiyo unaipoteza kwenye mapindo." Maneno hayo hayakumtoka tena akilini. Akaja kwetu na fomu mbili, akazitandaza mezani. Mama alimshauri achague cha mchana, au angalau apite kwanza baraza la wauguzi akaulize. Mama mdogo akasema hawezi kufunga kibanda miaka minne. Tena cha jioni kipo karibu, walimu wapole, na sare zake anazijua mpaka kifungo. Mama akamuuliza tangu lini chuo kikapimwa kwa vifungo. Wakacheka wote wawili, na fomu ya jioni ikajazwa.

Sijawahi kuona mtu akisoma vile. Ile sanamu yake ya kupimia nguo aliibandika vikaratasi vya viungo kila mahali. Mteja mmoja alikuta gauni lake limevishwa hapo na karatasi ya "ini" inachungulia ubavuni, akauliza kama ini linakuja na gauni. Mimi nilishika daftari, yeye anakanyaga cherehani huku anataja mifupa ya mguu. Akikosea mfupa alifumua na mshono, kana kwamba kosa ni la uzi.

Mwaka wa nne wakaambiwa kila mmoja ajitafutie hospitali ya mazoezi. Alizunguka hospitali tano. Kila mahali waliulizia mkataba wa chuo, na chuo hakikuwa na mkataba na wodi hata moja. Ndipo akaenda kule barazani, miaka minne tangu mama amwambie aende. Nilimsindikiza. Karani wa dirishani alikuwa mpole, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisoma karatasi zote, kisha akasema, "Mama, shahada chuo kinaweza kukupa. Lakini bila saa za wodini huwezi kufanya mtihani wa leseni." Chuo cha mchana kingempokea, ila aanze upya mwaka wa kwanza.

Tulirudi kwa miguu. Njia nzima alisema neno moja tu, kwamba sketi yangu imefumuka pindo.

Hakuanza upya. Miaka ikapita, nami nikafika mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwezi uliopita shuleni kwetu tuligawiwa fomu za kuchagua kozi za chuo, nami nikampelekea yangu kibandani. Alikuwa anamalizia sare za chuo cha mchana, zile fupi, rundo zima. Kwenye sanamu vikaratasi vilishabanduliwa, isipokuwa kimoja cha mgongoni. Nikamuuliza tena lile swali langu la zamani. Safari hii alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake.

"Niliona kabla yako, Mpelelezi. Nilizishona mimi, ningekosaje kuona? Ila cha mchana ningekaa benchi moja na watoto niliowapima viuno, waniite fundi mbele ya mwalimu. Nikaona aibu. Kule jioni sote tulikuwa watu wazima, hakuna wa kumshangaa mwenzake. Nikajiambia hizo fupi watazileta mwakani. Kila mwaka nikajiambia mwakani. Wewe na miaka yako tisa ukauliza. Mimi nikajaza pini mdomoni."