Kioo Nyuma ya Kuhe

Mtu akiniambia kuhe ni samaki mwenye roho mbaya, namwacha amalize, kisha namuuliza alimwona wapi akiwa hai. Karibu wote wamemwona kwenye sahani tu. Mimi niliishi naye nyumba moja, na hasira niliyoipata kwa ajili yake haijaniisha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa utingo wa lori la mzee mmoja wa Gisenyi, Mwislamu, mwenye duka la vitambaa na nyumba kubwa mtaa wa Waswahili. Shule nilikuwa nimeiacha mapema. Hakuna aliyenifukuza, barabara ilipita karibu na dirisha la darasa, na mimi nilitaka kujua inakwenda wapi. Kwa lori lile tulishuka mpaka Uvira kuchukua chumvi, mawese na dagaa wanaoitwa ndagala. Huko, wavuvi wa Tanganyika walituuzia kuhe wachanga, nikawasafirisha wakiwa hai ndani ya pipa. Kila tuliposimama nilichota maji kwa kopo na kuyamwaga tena kutoka juu ili wapate hewa. Dereva alisema nimepata kazi ya uyaya.

Mzee alikuwa ameagizia duka vioo vikubwa, vikaja vimekosewa kipimo. Badala ya kuvirudisha akamwita fundi chuma, wakatengeneza tangi refu kama kitanda, likawekwa sebuleni. Gisenyi haikuwa na kitu kama hicho, na mzee alipenda kuwa na kitu ambacho wengine hawana. Kuwatunza samaki kukawa juu yangu. Maji ya kwetu ni baridi kwao, hivyo kila lori lilipopita chemchemi za moto pale kando ya ziwa letu la Gisenyi, nilijaza madebe na kuja kuyachanganya kidogo kidogo.

Walikua mpaka urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Kisha wawili wakaoana, dume na jike, wakawaua wenzao mmoja mmoja. Mzee akasema tumefuga wauaji. Nilimjibu kwamba kule kwao anayeshindwa hukimbia, ziwa ni kubwa. Ndani ya sanduku lako, mzee, akimbilie wapi? Alicheka, akasema utingo wake amekuwa wakili.

Mfungo ulipokaribia mwisho, jike alitaga juu ya jiwe bapa. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mayai yalipoanguliwa, watoto walielea kama vumbi kwenye mwanga, na wazazi wakawazunguka, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikitupa minyoo, hawakula. Walifunga kabisa, na hawakuambiwa na mtu. Mama, mke wa mzee, alikuwa akiacha ungo wake wa mchele na kuja kusimama karibu yangu.

"Wanakonda," alisema.

"Wanalea, Mama."

"Basi waache walee. Usiwaguse."

Nilitaka kitu kimoja tu, wale watoto wakue. Nilitaka kuona siku watakayoachana na wazazi, kama wanafukuzwa au wanaaga wenyewe.

Sasa, katika nyumba zile, Idi haiji bila nyumba kugeuzwa. Kuta zilipakwa chokaa, mikeka ikafuliwa ziwani, masufuria yakasuguliwa kwa mchanga mpaka yakang'aa. Kila kitu kilipaswa kuonekana kipya na kingi, kwa sababu baada ya sala mtaa mzima ungepita kunywa kahawa. Mzee alilitazama tangi lake, akaona samaki wawili ni wachache. Akaagiza kile kioo kirefu cha kabati la Mama kifunguliwe, kisimamishwe nyuma ya tangi, ili wageni waone kuhe wanne.

Dume aliona watatu. Jike wake, jike mwingine, na dume mwenziwe anayewakodolea macho watoto. Akaenda kumpiga. Yule wa kwenye kioo naye akaja, kwa nguvu ile ile, wala hakurudi nyuma.

"Mzee, kioo kinamtesa," nilisema. "Anadhani kuna adui."

"Atazoea."

"Atawasahau watoto."

"Kijana, Idi ni kesho. Wageni wakishaondoka utakitoa."

Nilichukua shuka nikakifunika kioo. Alfajiri, kabla ya kwenda msikitini, mzee alilitoa shuka kwa mkono wake.

Wageni walipojaa, mdomo wa dume ulikuwa umechubuka na kuwa mweupe. Alikuwa bado anapigana. Fundi mmoja wa cherehani, mtu wa Goma mwenye mdomo mwepesi, alivuta kiti karibu kabisa, kikombe mkononi.

"Huyu iko na wivu kama shemeji yangu," alisema. "Anapiga hata kivuli."

Watu wakacheka. Ndipo dume, kwa kumkosa adui, alipomgeukia jike. Alimpiga ubavuni mpaka magamba yakatoka. Jike akajificha pembeni, na watoto wakabaki katikati, bila mtu. Dume akarudi, akaanza kuwameza.

"Bon," alisema fundi. "Sasa anakula watoto yake. Mutu gani huyu?"

"Tangu Uvira niliijua roho yake," alisema mzee, mbele ya watu wote.

Sikuweza kunyamaza. "Mzee, ni kioo. Siku zote hizi hakula hata mnyoo kwa ajili yao."

"Kioo kina kosa gani? Kimemwonyesha sura yake tu."

Wakacheka tena, na mzee akafurahi kwa jinsi alivyojibu. Mama hakucheka. Aliweka chini sinia la sambusa, akaja, tukashika kioo yeye huku na mimi huku, tukakitoa. Ndani ya maji hakukuwa tena na kitu cha kulindwa.

Siku ya pili ya Idi mzee aliamuru dume atolewe apikwe. Alisema hawezi kufuga mla watoto ndani ya nyumba ya watu wenye imani. Nilikataa kumvua, alivuliwa na dereva. Akaungwa kwa nazi iliyotoka Ujiji, na sisi wanaume tukaketi kuzunguka sinia moja. Mzee alikivunja kichwa, sehemu ya heshima, akakisogeza upande wangu kwa vidole vyake.

"Haya, wakili. Kula mteja wako."

Nilikirudisha mbele yake, nikanawa mikono kabla sijagusa wali.

Kusukuma chakula cha mwenye nyumba siku ya Idi, hilo mtaa mzima ulilisikia kabla ya magharibi. Mtu aliyemtia samaki wazimu ili wageni wafurahi aliendelea kupewa mkono barabarani. Mimi niliambiwa sina adabu, na lori likaondoka kwenda Uvira na utingo mwingine.