Mlango wa Chumba cha Baridi

Waliomwita Mama Barafu hawakuwa na nia mbaya. Ukimpa mkono ulitaka kuurudisha upesi, kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa baridi hata jua likiwa la utosi, kisha ukaona haya kwa kuurudisha. Yeye mwenyewe alicheka. "Mume wangu hana haja ya feni," alikuwa akisema, na wanawake wenzake wa kazini walicheka mpaka wakaegemeana.

Hakuzaliwa na mikono hiyo, alipewa na kazi. Alianza akiwa keshia katika supamaketi moja ya zile zenye matawi kila mji, zenye taa nyeupe na muziki laini na sakafu unayoweza kujitazamia uso. Keshia wa pale hakai. Viti vilikuwepo zamani, vikaondolewa, eti mteja akimkuta mtu amekaa anamdhania mvivu. Basi siku moja, akiwa na mimba kubwa ya mwanawe wa pili, miguu imemvimba hata viatu havimwingii, alivuta kreti tupu la soda akaketi. Alimhudumia mteja mmoja tu akiwa ameketi, bibi aliyenunua sabuni, lakini kamera ilikwisha kumwona. Aliporudi kutoka kujifungua alikuta amehamishiwa nyuma, kwenye chumba cha baridi. Hakuuliza kwa nini. Waliouliza kabla yake hawakuwepo tena kumsimulia walijibiwa nini.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya bucha, ukishapita pazia la plastiki. Humo ndimo zilimokaa nyama, kuku na samaki, na feni mbili za dari zilizovuma kutwa kucha. Mlango wake ulikuwa mnene kama godoro, na ulijifunga wenyewe kwa springi. Nje ulikuwa na mkono mkubwa wa chuma wa kuvuta. Ndani palikuwa na kitasa cha kuzungusha ili utoke, na kitasa hicho kilikufa miaka mingi iliyopita, kikawa kinazunguka bure. Wafanyakazi waliripoti, wakaambiwa fundi atakuja. Wakaripoti tena, wakaambiwa fundi ameshaambiwa. Walipoweka kreti la samaki kizingitini ili mlango usijifunge, wakaambiwa wanatoa baridi ya kampuni nje, na kwamba umeme ule haulipwi na mama zao.

Aliyesema hivyo alikuwa msimamizi wa tawi, na jina walilompa ni Tabasamu, kwa sababu kila asubuhi aliwapanga mstari akawafundisha kutabasamu, akipita uso kwa uso kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Yeye mwenyewe alikuwa amekunja ndita mwaka mzima.

Kwa kuwa hakuna aliyewajali, walijijali wenyewe. Walibuni utaratibu wao. Anayeingia chumba cha baridi anavua aproni yake na kuitundika kwenye ule mkono wa nje. Ukipita ukaona aproni, ujue kuna mtu ndani, unavuta mlango, unaingiza kichwa, unauliza, "Umekufa?" Naye anajibu, "Bado, rudi baadaye!" Walicheka kila mara, na hakuna hata mmoja aliyeacha kuuliza. Kwa kipande hicho cha kitambaa cheupe walipona miaka yote hiyo.

Sasa, mume wa Mama Barafu alikuwa fundi viatu, mtu mpole mwenye kibanda chake kando ya barabara, na ukoo wake haukuwa mdogo. Mdogo wake wa mwisho, msichana mwenye mdomo na kicheko, alihamia kwao baada ya kumaliza shule. Wifi na wifi wakaishi chumba kwa chumba, wakitupiana maneno tangu asubuhi. Alipochoka kukaa bure, yule binti akamsihi wifi yake amtafutie kibarua kule dukani.

"Huko si mahali pa mtu," Mama Barafu alimwambia.

"Na wewe si mtu?"

"Mimi nimeshazoea."

"Basi nami nitazoea. Umeninyang'anya kaka, na kazi nayo unaninyima? Wifi gani wewe!"

Alimpeleka. Tangu siku ile ya kwanza, alipomwona anavaa lile koti zito lililomfika magotini, Mama Barafu alijuta, na majuto hayo hayakumtoka hata siku moja. Alimfundisha yote: asishike chuma kwa mkono mtupu, asikae ndani akiwa amelowa. Juu ya yote, asiingie kabla hajatundika aproni. "Ukisahau jina lako, sawa. Hilo usilisahau." Binti akaitikia kwa madaha, "Ndiyo, mama mkwe," wakacheka wote wawili.

Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa wa makao makuu wanakuja kutembelea tawi. Tabasamu alipagawa. Rafu zilifutwa mpaka rangi ikaanza kutoka. Asubuhi ya ugeni aliwapanga mstari akatoa amri: hakuna kitu kitakachoonekana kinaning'inia popote, na hakuna mtu atakayeonekana bila aproni. Atakayekutwa bila aproni aende zake nyumbani moja kwa moja, asipitie hata ofisini kwa msimamizi kuaga. Watu waliitikia kwa pamoja. Mama Barafu naye aliitikia, na hapo hapo akaukumbuka mkono wa mlango, lakini mstari ulikuwa umeshaanza kutawanyika na kila mtu ametumwa upande wake.

Wageni walipofika, wafanyakazi wa nyuma waliamriwa wasimame mbele ya bucha kuwapokea. Mama Barafu alisimama katikati, uso ameuandaa. Aliangaza kulia, akaangaza kushoto. Wifi yake hakuwepo.

"Yuko wapi?" alimnong'oneza mkata nyama aliyekuwa kando yake, mzee waliyemwita Mjomba.

"Tabasamu kamtuma kupanga makreti ya kuku."

"Muda gani?"

"Kitambo. Kabla hawajashuka kwenye magari."

"Aproni yake kaiacha wapi?"

Mjomba alimtazama, na rangi ikaanza kumtoka. "Kaivaa," alisema. "Si ndiyo amri?"

Wakati huo mama mmoja wa makao makuu, mwenye manukato na miwani, alikuwa ameshamfikia Mama Barafu na kumnyooshea mkono. Mkono ule ulibaki hewani. Mama Barafu alitoka mstarini mbio, akampiga Tabasamu kikumbo cha bega, akapenya pazia la plastiki. Mkono wa nje wa mlango ulikuwa mtupu, unang'aa, umefutwa vizuri kwa ajili ya wageni.

Wifi yake alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza mlangoni, hata mlango ulipovutwa alianguka nje kama gunia. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kugonga. Midomo haikuwa na rangi ya mtu. Kilichomtia Mama Barafu hofu kuliko vyote ni kwamba hakuwa anatetemeka tena. Alimkumbatia, akamfunika kwa mwili wake, akamwita kwa jina la utani na la kweli, akamtukana, akamwomba. Mlango wa nyuma wa jengo ulifungwa kwa kufuli siku zote kwa kuogopa wizi wa wafanyakazi, kwa hiyo yeye na Mjomba walimbeba kupitia mbele, katikati ya rafu za biskuti, wageni wakiwapisha.

Binti alipona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikurudia hali yake, lakini alipona, na nyumbani kaka yake alilia bila kujificha.

Ungedhani basi mtu angeletwa kutengeneza kitasa. Kilicholetwa ni stika ya kijani iliyobandikwa juu ya mlango: UMEKAGULIWA. SALAMA. Mama Barafu naye akaachishwa kazi kwa kosa la kuondoka mahali pake pa kazi na kuwavunjia heshima wageni. Miaka yote ile, mikono ile, akatolewa kwa kupekuliwa mkoba mlangoni kama siku nyingine zote. Nafasi yake, ile ya kudumu, Tabasamu akampa yule binti, na akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kampuni inawapenda watu wasio na maneno mengi.

Jioni hiyo nyumbani hakukulika.

"Hurudi kule," Mama Barafu alisema.

"Narudi, wifi."

"Nimekutoa mle kwa mikono yangu!"

"Najua. Na wanao wakija kudai ada, nao utawaonyesha mikono?" Binti alianza kulia akiwa bado anasema. "Ulinitoa kwenye baridi ili twende wote tukafe njaa? Kaka, sema basi."

Fundi viatu aliutazama mkeka. Alikuwa mtu wa haki, na aibu ilimjaa usoni. "Angalau mmoja wenu amebaki," alisema mwishowe, na mkewe hakumsemesha mpaka kesho yake.

Basi Mama Barafu akageuka mteja. Kila alasiri, saa ya kupanga nyama, alivaa kanga yake safi akaenda supamaketi. Alichukua kikapu, akazunguka rafu, akaweka sabuni, akaitoa. Alichokuwa akikitafuta kilikuwa nyuma ya kioo cha bucha: akimwona wifi yake akipita na koti lile refu, roho ilitulia, akarudisha kikapu akaenda zake. Walinzi walimzoea. Mmoja aliwahi kumtania, "Mama, leo tena umekuja kununua hewa?" Akajibu, "Na hewa yenu yenyewe ni baridi," akapita. Nyumbani wifi yake alimwomba aache, kwamba watu wameanza kusema, kwamba Tabasamu ameuliza. Hakuacha. Asingeweza kuacha hata kama angetaka, kwani kila usiku aliuota ule mlango.

Alasiri moja hakumwona. Alizunguka mara ya kwanza, akazunguka tena, akasimama mbele ya kioo.

"Mjomba, yuko wapi?"

Mjomba alikuwa akikata mfupa, hakuinua kichwa. "Yuko ndani."

"Tangu lini?"

"Mama Barafu, nenda nyumbani. Nakuomba."

"Mmemchungulia?"

"Tumekatazwa kuchungulia kabla kazi haijaisha. Tunaambiwa tunapoteza muda." Sasa aliinua kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nenda, dada yangu. Usituponze."

Kikapu kilianguka. Alipenya pembeni ya kaunta, mlinzi nyuma yake akipiga kelele, "Mama! Wateja mwisho hapo!" Wateja watatu wanne, watu wasiokosa kioja, wakamfuata mpaka kwenye pazia. Akaushika ule mkono wa chuma, akavuta kwa nguvu zake zote.

Wifi yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, mzima, kreti la samaki mikononi, pumzi ikimtoka kama moshi.

"Wifi!" alisema kwa hofu. "Unafanya nini huku? Unataka nifukuzwe?" Akatoka haraka, akaweka kreti chini.

Mama Barafu alikuwa akimpapasa kwa furaha uso, mashavu, masikio, mbele ya watu wote. Ndipo Tabasamu alipofika.

"Huyu mteja anatafuta nini huku?"

Mteja! Hilo lilimchoma. Aligeuka akamkabili. "Mlango huu haufunguki kwa ndani," alisema kwa sauti, ili wale walioko kwenye pazia wasikie. "Wewe unajua. Nami najua. Humu mtu atakufa."

Mmoja wa wateja alikuwa ameshatoa simu. Tabasamu aliiona ile simu, akaiweka sawa tai yake, na sauti yake ikawa laini. "Jamani, mama huyu tulimwachisha kazi. Ana kinyongo, tumsamehe. Someni wenyewe." Akaonyesha stika ya kijani. Pengine kwa kuitazama kila siku alikuwa ameanza kuiamini. Kisha akamgeukia yule binti. "Wewe ndiye unayefanya kazi humu. Mlango una tatizo?"

Binti alimtazama wifi yake. Akautazama mlango. Akaitazama mikono yake, hasa ule wa kushoto.

"Hauna, bosi."

"Unafunguka kwa ndani?"

"Wifi, sema kweli," Mama Barafu alisema. "Sema kweli, mwanangu, tutakula chochote."

"Unafunguka," alisema binti.

"Vizuri. Basi ingia, ufunge, kisha ufungue mwenyewe, hawa wateja wetu waone."

Binti alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Halafu akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja mpaka shingoni, akaingia. Springi ikavuta. Mlango ukakaa mahali pake.

Walisubiri. Mlango ule haukupitisha sauti, na Mama Barafu peke yake ndiye aliyejua hivyo. Wengine walidhani kimya kile ni cha kawaida. Mteja mwenye simu aliishusha, akasema ana haraka. Toroli lake likasikika likienda zake.

"Anatafuta kitasa," alisema Tabasamu. "Mpeni nafasi."

Mama Barafu alinyoosha mkono kuushika mlango. Mlinzi akaudaka.

"Mwache," alisema Tabasamu. "Kasema mwenyewe unafunguka."