Mpaka wa Mipungate

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023. Jua kali tangu asubuhi, upepo mkavu kutoka ziwani, mvua haijaonekana tangu Mei.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Mashimba, fundi wa kuchomelea mageti, aufyeke ua wa mipungate wa jirani yake Sada, huko mlimani Kirumba. Aliukata hadi chini, akafukia visiki kwa kokoto, na vipande akavirundika penye mawe upande wake ili vikauke avichome. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena. Alitaka hatua mbili za kiwanja cha mama huyo, na mpaka haukuwa na alama nyingine ila ua huo.

Jumatatu hiyo Gladness, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kuamua.

"Ua gani?" Mashimba aliuliza. "Mwenyekiti, wewe unaona ua hapa? Bibi huyu anaota mchana."

"Mama Sada, una ushahidi?"

Sada alikuwa ameuanzisha ua ule kwa kipande kimoja kutoka Meatu, miaka kumi na tisa iliyopita. Aliujua vizuri. Majani yake yamekuwa miiba ili yasipoteze maji. Ngozi ina nta. Mchana unajifunga, usiku ndipo unapopumua. Mizizi inatambaa juu juu iwahi hata manyunyu. Ulikuwa mgumu na mchoyo, naye aliupenda kuliko majirani.

Alichukua jembe, akakwangua kokoto. Kisiki cha kwanza, kinene kama paja. Cha pili. Cha tatu. Vyote vimepangana mstari mmoja, na kila kimoja kina chipukizi la kijani.

"Magugu ya juzi hayo," Mashimba alisema.

"Ya juzi yana unene huu?" Gladness aliliendea rundo, akainua kipande. Chini yake mizizi myeupe ilikuwa imeshaingia kwenye nyufa za mawe. "Na hivi?"

"Nasubiri vikauke."

"Utasubiri sana," Sada alisema. "Hizo si kuni. Zina maji yake tumboni."

Gladness alivuta kamba kutoka kisiki hadi kisiki. "Mpaka ni huu. Mashimba, usiuguse."

Kesho yake asubuhi Sada alivaa glovu, akaingia kwa Mashimba bila hodi, akabeba vipande vyote na kuvipanda kwenye mstari, viwili palipokuwa na kimoja.

"Shikamoo, mama," Mashimba alisema, amesimama mlangoni.

Sada alishindilia udongo kwa kisigino, akachukua kipande kingine.