Gumegume la Zuleha

Eda ya Zuleha ilipokwisha pale Bugene, shemeji yake Abdulrahim alifunga safari kutoka Bukoba kuja kudai kitu kimoja tu: bunduki ya marehemu mumewe, Othman. Lilikuwa gumegume, bunduki kuukuu ya kushindiliwa mdomoni, na Wadachi walikwishaleta zao za kisasa. Lakini usilidharau. Miaka ile nyumba yenye bunduki ilisikilizwa barazani; isiyokuwa nayo ilinyamaza. Zuleha alilijua hilo, na hakuwa na nia ya kunyamaza.

"Bunduki ni ya mwanamume, shemeji," alisema Abdulrahim.

"Bunduki ni ya anayeweza kuiliza, shemeji."

Jirani yao Mgeni, mwenye duka, alikuwa anamwoza binti yake kwa kijana wa Nyakatuntu, na bibi harusi hutoka kwa mlio wa bunduki. Akawaamulia palepale: atakayeiliza siku hiyo, ndiye mwenyewe. Abdulrahim akacheka hadi kofia ikamwenda upande.

Kilichomchekesha zaidi ni baruti ya Zuleha. Mvua na ukungu wa huku havina adabu. Hata chumvi hugeuka maji. Basi Zuleha alimwiga jirani yake, Bibi Kokugonza, anavyohifadhi mbegu za maharage. Alitia baruti katika kibuyu, akakiziba kwa nta, akakifukia ndani ya chungu cha majivu makavu.

"Baruti ya jikoni!" alikejeli Abdulrahim. Yake ilikaa katika pembe yenye nakshi, na alikuwa ameitundika begani safari nzima, mvua ikimnyeshea.

Siku ya harusi alishindilia kwa madaha, akaelekeza mtutu mbinguni, akafyatua. Jiwe la gumegume likatoa cheche, kimoshi kikafuka, fyuu! Akarudia. Fyuu! Watoto wakaanza kumwiga. Mama wa bibi harusi akajifunika uso kwa kanga, maana binti yake angetokaje kimyakimya kama mwizi?

Zuleha akaichukua bunduki. Aliogopa, tusidanganyane. Akakung'uta baruti mbichi, akakausha mtutu kwa kitambaa, akamimina ile ya jikoni, akaishindilia kwa nguvu zilezile za kutwangia ulezi. Akafumba macho, akafyatua.

Ililia bwana! Mbuzi wa Mgeni walikata kamba, vigelegele vikapasua anga, na watoto wakaruka wakiitaja bunduki kwa lugha ya kwao, "Embundu! Embundu!" Zuleha akafumbua macho, akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kufuta masizi usoni.

Bibi harusi akatoka. Ikabaki njia ya Nyakatuntu, na kwa desturi yao mwenye bunduki ndiye hutangulia, wanaume wengine wakimfuata. Wote wakageuka kumtazama Abdulrahim. Abdulrahim akatazama ardhi.

Zuleha akaitupia bunduki begani, akashika njia.

"Shemeji," akaita bila kugeuka, "fuata nyuma."

Akafuata.