Wivu ulinifanya ninyunyize maziwa ndani ya lab ya binti ya rika yangu

Wakuu, supa, ndio salamu yetu Wamaasai.

Mimi ni mzee wa Noonkopir, shule niliacha darasa la tatu. Naandika hii kwa kidole kimoja na sijaongeza chumvi mahali. Ukitaka kucheka, cheka.

Niko na gorofa hapa Kitengela. Nilianza kwa kuswaga mbuzi za watu mpaka soko ya Kajiado kwa miguu. Hakuna mtu alinishika mkono.

Rika yangu Parsaloi tulitahiriwa siku moja. Yeye hana hata kibanda ya kukodisha. Lakini binti yake, Naserian, alisoma mpaka masomo ikaisha, akakodisha chumba chini kwa gorofa yangu, akafungua lab.

Kazi yake alinieleza nikaelewa kuliko nyinyi wenye madigrii. Anachukua bakteria, anaiwekea maagizo itengeneze enzyme fulani. Ikishazaana anaipasua, anachuja na kuchuja mpaka abaki na hiyo enzyme peke yake. Ni protini. Anauzia watafiti wa kufanya majaribio. Si dawa ya mtu.

Tangu hapo mtaa mzima ni "Baba Daktari, Baba Daktari." Hata mwenye butchery, na mimi ndio landlord wake, anamkatia Parsaloi nyama laini kwanza.

Siku ya kufungua lab, nani aliitwa kubariki? Parsaloi. Alisimama nje ya mlango na kibuyu ya maziwa, anachovya nyasi, ananyunyiza, watu wanaitikia amina yetu, "Naai!" Mimi mwenye nyumba nilikuwa nyuma kwa kiti ya plastiki kama mgeni. Chai ilinifikia ikiwa baridi.

Wakuu, hiyo chai ilinikaa kifuani wiki mbili.

Alhamisi moja mchana Naserian alitoka kidogo kutafuta chapati. Niko na spare key. Nikabeba maziwa, nikang'oa nyasi, nikaingia. Nikasema moyoni, Parsaloi alibariki mlango, mimi nabariki kazi yenyewe. Tuone ya nani itashika.

Kwa meza kulikuwa na beseni ya barafu, na ndani kachupa wazi ya hiyo enzyme. Nilinyunyiza mara nne. Meza, mashine, barafu, kila kitu. Nikafunga, nikaenda zangu nimefurahi kabisa.

Kesho yake nikasikia kelele chini. Nikasimama kwa ngazi.

Kuna kipimo huwa anafanya. Protini ikiwa safi inaonyesha mstari mmoja. Yeye alikuwa ameona mistari mingi, maana maziwa nayo iko na protini zake, na matone meupe yamekaukia kwa meza. Alikuwa amemwita baba yake.

"Papa, nani mwingine hubeba maziwa kuja hapa? Hii ni order yangu ya kwanza! Wanakuja kuichukua leo!"

"Mtoto wangu, mimi nilibariki mlango tu. Labda upepo..."

"Upepo ya wiki mbili, Papa?"

Niseme ukweli? Nilisikia utamu. Mara ya kwanza kuona Baba Daktari akikuwa mdogo.

Halafu Naserian akamwambia, "Basi usikanyage hapa tena."

Kwetu mtoto hamwambii baba hivyo. Parsaloi alichukua rungu yake, akatoka, akanipita hapo kwa ngazi. Bado akanisalimia. "Rika, watu wako wazima?"

Hapo utamu ikaisha. Nikashuka.

"Entito, msichana wangu, muite baba yako. Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Yeye aliitwa kubariki. Mimi sikuitwa."

Aliniangalia mpaka nikaangalia viatu vyangu. "Leta key." Nikampa. Akanipita mbio kumfuata baba yake.

Wateja walikuja wakarudi mikono mitupu. Naserian ameanza upya, kuanzia kwa bakteria. Kama hao watu watarudi, mpaka leo hajui.

Parsaloi alikuja kwangu jioni. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Rika, si ungeniambia? Hiyo kibuyu tungeshika wawili."

Afadhali angenipiga rungu. Hata kwa kusamehe amenishinda!

Funzo ni hii: mtu mwenye wivu asibariki kitu cha mtu. Hata maziwa yake ni uchafu.

Wivu haijaisha, sitawadanganya. Nyinyi wenye rika waliowapita, huwa mnaimeza aje? Semeni. Hata matusi nitasoma, pole pole.