Jina la Marehemu kwenye Seva

Siku hiyo nilifika kazini Makadara maziwa yamevuja kwenye blauzi, kwa sababu mtoto alikataa kunyonya na tuktuk ilikataa kusubiri. Mkoba sijautua, bosi akaanza.

"Mama mtoto, jana umegusa nini?"

"Sijagusa kitu."

"Basi ni jini."

Tunahudumia kompyuta za zahanati ndogo ndogo. Kila moja ikiwashwa, huiuliza seva yetu, kompyuta kuu ya ofisini, ifanye kazi vipi. Seva nayo huchota mipangilio kwenye ghala la mafaili lililoko mtandaoni, na ghala halimfungulii mtu bila jina na paswodi. Asubuhi hiyo lilikataa. Zahanati zinapiga simu, wagonjwa wamekaa foleni, na mimi ndiye niliyefunga ofisi jana. Kesi imekwisha!

"Ikifika adhuhuri haijaamka," bosi akasema, "chukua mkoba wako ukalee."

Nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, macho yananiuma kwa hasira. Jina langu halikuwemo. Jina lililokuwa likibisha na kukataliwa, likibisha tena na kukataliwa, lilikuwa la fundi wetu wa zamani. Tulimzika kabla ya Ramadhani. Wali wa hitima yake nimepakua kwa mikono yangu.

Nikawageukia wenzangu.

"Mnaingia kwa jina la maiti?"

"Si yeye aliyelifungua ghala?" akasema kijana wa meza ya pili. "Lilikuwa lafanya kazi, tulibadilishe kwa nini?"

"Maskini, hata likizo hamkumpa."

Paswodi ya marehemu ilikuwa imebadilishwa, na bila simu yake ghala halifunguki; simu iko kwa mkewe, mtaani Kuze. Mkewe yuko kwenye eda. Mwanamume wa kando haingii kwake. Basi nikatumwa mimi, mtuhumiwa. Wenyewe wakabaki na feni yao.

Nilijitanda leso, nikapiga hodi. Chumbani madirisha yamefungwa, joto limetulia kama mtu aliyeketi.

"Makiwa, dada."

"Tunayo. Umekuja kwa ajili ya simu?"

Hakuna aliyemwambia naja. Akanionyesha kitanda. Simu ilikuwa juu ya mto wa upande wa mumewe, inachajiwa. Ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena.

"Tangu jana jioni," akasema. "Yasema kuna mtu yuwataka kuingia kwa jina lake. Shemeji zangu wasema ni mtandao tu. N'kajua kuna mtu atakuja kuniuliza."

"Nani alibadilisha paswodi?"

"Mimi. Niliambiwa picha zake zikiendelea kutazamwa, zamwandama kaburini. Nikafuta. Kila penye jina lake nikapafunga, apumzike. Hapo hapo ikaanza."

Ghala letu halikuwa na picha hata moja. Lakini lilikuwa na jina lake, naye akalifunga pamoja na mengine.

"Dada, si yeye. Ni kompyuta yetu. Bado inatumia paswodi yake ya zamani."

Akaunyoosha mto wa mumewe.

"Kwa hiyo nyinyi ndio hamjamwacha."

Nilimweleza wazi: anifungulie mara moja, niweke jina langu, la mumewe nilitoe kabisa. Asiponifungulia, itabisha hivyo hivyo, na mimi leo sina kazi. Alisoma dua kwa sauti ya chini, kisha akabonyeza.

Nikampigia bosi.

"Rudisha paswodi ile ile ya zamani," akasema. "Ndiyo haraka."

"Bosi, mtu huyu amekufa."

"Mama mtoto, usinianze!"

Nikamkatia. Kwa simu yangu nikaandika jina langu, nikatengeneza ufunguo mpya wa ghala, nikamtumia yule kijana auweke kwenye seva, kisha nikalifuta la marehemu. Simu yake ilitetemeka mara moja, kwa muda mrefu kuliko zote.

Ujumbe wa bosi ukaingia kwangu: imekubali, zahanati zimefunguka, rudi kazini. Hata pole hakuna. Nikasimama, nimejaa matusi ya kumpelekea.

Mjane akanishika mkono. Alikuwa ameichukua ile simu kutoka kwenye mto, ameilaza kiganjani, kioo kimezima.

"Ngoja kidogo," akasema. "Tuone kama amepumzika."

Nikaketi tena kando yake. Tukaitazama sote wawili, tukisubiri itetemeke.