Tulizika Shati Yake, Kumbe Anatembeza Wageni Mombasa

Nakal alizika shati ya bwanake.

Shati tu. Mwili haukupatikana.

Miaka saba baadaye, mwenye shati alisimama mbele yake ndani ya boti, mzima kama ng'ombe wa mnada, akamuuliza kama atakunywa soda ya machungwa ama ya kola.

Nakal mwenyewe ndiye alinisimulia hii maneno, kwa kibanda chake cha chai karibu na soko la mifugo, hapa Isiolo. Nimeficha kidogo tu pale aliponiomba nifiche.

Bwana alikuwa anaitwa Ekidor. Mtu wa Burat. Maneno mengi, kazi kidogo. Mnajua hao watu. Akiingia kwa hoteli anaongea na kila mtu, akitoka hakuna anayekumbuka amesema nini.

Mwaka wa 2018 mvua ilinyesha mpaka mto Ewaso ukavunja kingo. Ekidor akasema anaenda ng'ambo ya mto kuangalia mbuzi. Jioni hakurudi. Kesho yake wachungaji wakapata shati yake na viatu kando ya mto, vimepangwa vizuri kama vya mtu anayeoga.

Watu walitafuta siku nne. Waturkana, Waborana, Wasomali, Wameru, wote. Hirsi, ndugu ya Fosia yule rafiki ya Nakal, aliingia majini na kamba kiunoni. Maji yakamrusha kwa mawe. Mguu ukavunjika mahali mbili.

Mpaka leo Hirsi anachechemea.

Tukazika shati. Mimi nilikuwa hapo. Mama yake Ekidor alilia mpaka akashikwa na watu wawili.

Nakal akanyoa nywele. Akabaki na watoto wawili wadogo na huyo mama mkwe mwenye presha na miguu ya kuvimba. Watu wake walimwambia arudi kwao, akakataa. Mwalimu mmoja anaitwa Gitobu, mtu mpole, mtu wa maana, alimuuliza mara mbili kama watajenga maisha pamoja.

"Na Mama nitamwachia nani?" Nakal akamjibu mara zote mbili.

Gitobu alioa mwingine. Angefanya nini?

Miaka saba Nakal aliamka saa kumi kukanda chapati, akarudi jioni kumkanda mama mkwe miguu na maji ya chumvi. Mzee naye alikuwa na mambo yake. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anachukua simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, anaenda nyuma ya nyumba.

"Naongea na dada yangu wa Lodwar," anasema.

Nakal alikuwa anamwekea kiti huko nyuma, asisimame.

Sasa mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili, chama cha kina mama, na Nakal yumo, kikaamua kwenda kuona bahari. Fosia ndiye mwenyekiti. Wanawake kumi na mmoja.

Mama mkwe akasema, "Na mimi naenda."

Kila mtu akashangaa. Huyu mzee hajawahi kupita Nanyuki. Tena hakutaka kuona ufuo wala wanyama. Alitaka kitu moja tu.

"Kuna boti ya jioni," akasema. "Inapita pale mji wa zamani. Saa moja tu, inarudi."

"Nani amekuambia hiyo, Mama?"

"Redio."

Nakal akampakia dawa zake, wakaenda.

Walifika kwa gati saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa akikata tikiti ni mwanamke mchanga, mpole, mimba ya kama miezi sita. Alipomwona mzee amechoka, aliinuka kwa stuli yake mwenyewe akampa.

"Kaa bibi yangu, boti yaja sasa hivi."

Nakal hakuwa na mpango wa kupanda. Tangu mto umchukulie bwana, hata daraja la Ewaso anavuka akiwa amefunga macho. Na mama mkwe alimhimiza abaki.

"Wewe linda mizigo, mwanangu. Wewe na maji hamuelewani."

Nakal akaona, wacha, huyu mzee ananijali.

Lakini mzee alipoinua mguu kuingia, boti ikasogea. Mguu ukakosa mbao. Kabla mtu yeyote apige kelele Nakal alikuwa ameruka, amemshika makwapani, amemsukuma ndani na wakaanguka pamoja juu ya viti vya plastiki. Injini ikanguruma. Gati likabaki nyuma.

Hivyo ndivyo Nakal alipanda boti. Kwa kumwokoa huyo mzee.

Alikaa chini, akashika kiti, akafunga macho. Wenzake wanampigia kelele: fungua macho wewe, ona nyumba, ona vile zimejipanga mpaka kwa maji, ona madirisha ya mbao, ona msikiti! Jua lilikuwa linashuka, ukuta wa Ngome ya Wareno ukawa rangi ya chai ya maziwa. Yeye haoni. Anasikia tu.

Ndipo akasikia spika ikikwaruza.

"Mabibi na mabwana! Mie ni Kapteni Athumani, mtoto wa bahari! Babu ya babu yangu ndiye alifukuza Wareno kwa hii Ngome. Samani sana!"

Wageni wakapiga makofi. Fosia akacheka kwa pua.

"Mswahili gani huyu anasema samani badala ya zamani? Wallahi huyu ni mtu wa kwetu."

Nakal akageuza sikio kwa spika.

"Mie nilizaliwa ndani ya maji!" spika ikaendelea. "Maji hayawezi kuniua! Na yule mrembo aliyewakatia tikiti ni mke wangu, kwa hivyo msimtongoze!"

Watu wakacheka. Nakal akafungua macho.

Kofia ya kushonwa. Kikoi kimefungwa vibaya, kinateremka kila akitembea. Tumbo. Na sikio la kushoto limekatika ncha, pale ngamia alimuuma akiwa na miaka tisa.

Alikuwa anashuka katikati ya viti na kreti ya soda. Hata hakuangalia uso wa mtu.

"Mama, machungwa ama kola?"

Nakal akabaki kutazama lile sikio.

Kapteni akainua macho. Chupa ikamtoka mkononi, ikagonga sakafu, ikabingirika mpaka kwa miguu ya Fosia.

Sikiza sasa. Hapa ndipo penyewe.

Mtu akiona maiti inagawa soda, anapiga nduru. Ama anazirai. Ama anataja jina la Mungu. Nakal alimgeukia mama mkwe haraka, amshike, maana presha ya mzee ingepanda na wako katikati ya maji.

Mzee hakuwa na shida yoyote. Alikuwa anatabasamu. Akanyoosha mkono, akamgusa Ekidor shavu, akamwambia kwa Kiturkana, pole pole, vile mama anaongea na mtoto aliyetoka shule:

"Mbona kwa simu ulisema umekonda?"

Fosia hakuelewa. Wale wengine hawakuelewa.

Nakal alielewa kila neno.

"Simu gani, Mama?"

Mzee akatoa mkono kwa shavu ya kijana wake. Akauweka kwa magoti.

"Simu gani?"

"Nakal," Ekidor akanong'ona, "tafadhali, kuna wageni."

"Wewe nyamaza, wewe umekufa. Naongea na Mama."

Mzee akaangalia maji. "Alinipigia miezi mitatu baada ya matanga," akasema mwishowe. "Alisema alichoka na maisha ya Burat. Ningefanya nini? Ni mtoto wangu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungeenda. Ungerudi kwenu, ama ungeolewa na yule mwalimu. Mimi ningebaki na nani?"

Nakal aliniambia hapo ndipo alisikia kitu kimefunguka ndani ya kifua, kama kamba ya mzigo. Hakulia. Alihesabu tu. Maji ya chumvi, kila jioni, miaka saba. Kiti nyuma ya nyumba, kila Jumapili. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akiwawekea kiti waongee.

Akamwangalia tena Ekidor. Kwa ndoto zake alikuwa mrefu, anatoka majini akiita. Huyu hapa alikuwa mfupi, anatoka jasho, anashikilia kikoi kisianguke mbele ya watu. Hata kumchukia alishindwa. Chuki unailisha kila siku kama mfugo, na huyu hakuwa wa kupotezewa nyasi.

"Fanya hivi," Ekidor akasema haraka haraka. "Tukifika, ushuke kama mgeni tu. Mama pia. Yule mke wangu anajua mimi ni yatima, ana mimba, watu wao walinipokea vizuri. Unataka kuharibia mwanamke maisha?"

Ati yeye ndiye anahurumia wanawake.

Fosia alikuwa ameanza kuunganisha mambo. Alimtazama yule mtu, akamtazama sikio, akainuka.

"Ekidor?"

Akavuta kofia ifunike lile sikio.

"Ndugu yangu anachechemea sababu ya shati yako," Fosia akasema. Hakupandisha sauti. "Ukipita Isiolo siku moja, njoo umuone akipanda ngazi. Atakukaribisha chai, hiyo ndiyo itakuuma."

Wazungu wawili huko mbele walikuwa wanaonyesha kidole kwa jumba moja la ghorofa, wanauliza ni nini. Kazi ni kazi. Kapteni akachukua maikrofoni.

"Hii... hii ni nyumba ya samani."

"Kapteni, nina swali!" Nakal akainua mkono kama mtoto wa darasa.

Boti yote ikageuka.

"Babu yako, yule alifukuza Wareno. Alizikwa wapi?"

"Ah... hapo tu, hapo kwa mji."

"Na wewe ulizikwa wapi?"

Wageni walicheka sana. Walifikiri ni mchezo. Kina mama wa Isiolo hawakucheka. Walikuwa wamegeuza viti vyao vya plastiki, mmoja mmoja, wakampa mgongo. Wanawake kumi na mmoja. Safari iliyobaki Kapteni Athumani alieleza historia ya Mombasa kwa migongo.

Na Nakal? Aliangalia mji. Macho wazi. Taa zilikuwa zimeanza kuwaka kwa yale madirisha, na kwa ukingo mtu alikuwa anakaanga kitu. Harufu ilifika mpaka kwa boti. Akagundua haogopi maji. Alikuwa ameogopa maji miaka saba bure. Maji hayakuwa yamemkosea kitu.

Boti ikarudi kwa gati.

Nakal alishuka kwanza. Akamshika mzee mkono vizuri, kama siku zote, asiteleze. Akamtembeza polepole mpaka kwa yule mwanamke wa tikiti, akamkalisha tena kwa ile stuli.

"Dada," akamwambia, "pole kwa haya nitakuambia, maana wewe hujanikosea. Huyu ni mama mkwe wako."

Mwanamke akacheka kidogo, akidhani ni utani. "La, mume wangu ni yatima."

"Alikuwa yatima. Leo amepata mama. Na mimi ni mjane wake. Muulize jina lake ni nani, halafu umuangalie uso."

Ekidor alikuwa amefika. Yule mwanamke akamwangalia uso.

Hakuhitaji kuuliza.

"Hizi ni dawa za presha," Nakal akaendelea, akifungua mkoba. "Nyeupe asubuhi, hii ndogo jioni baada ya kula. Hawezi ugali mgumu. Miguu inamuuma usiku, inakandwa na maji ya vuguvugu na chumvi. Ukimuacha alale bila kukandwa ataamka analia. Lakini kazi hii si yako, dada. Ni ya kijana wake. Mikono anayo."

Akamwekea Ekidor mkoba wa dawa mkononi.

Mzee akashika nguo ya Nakal. "Mwanangu, usiniache."

"Sijakuacha, Mama. Nimekufikisha."

Akamfungua vidole, kimoja kimoja, bila kumuumiza. Akamfunga leso vizuri mabegani, maana upepo wa bahari ulikuwa umeanza. Kisha akaenda walipokuwa wenzake, na hakuna aliyemuuliza kitu mpaka basi ilipopita Voi.

Watu wa Isiolo wamegawanyika. Kuna wanaosema mzee haachwi, hata awe amekosa namna gani. Kuna wengine wanasema, aliachwa wapi? Aliachwa kwa mtoto aliyemzaa. Padri wa Burat aliulizwa, akasema atafikiria. Bado anafikiria.

Kuhusu Kapteni, nasikia yule mke aliwapeleka yeye na mama yake mzee kwa wazazi wake mwenyewe, akaeleza yote mbele ya watu. Wakwe wakasema mzee ni mgeni wao, atakula anachokula kila mtu. Yeye Ekidor walimuondoa kwa chumba, analala kwa boti. Lakini kila jioni lazima aje akande miguu. Baba mkwe anakaa hapo na kiti, anahakikisha maji ni ya vuguvugu.

Kama unataka funzo, chukua hili. Ndugu yangu, ukiamua kufa, kufa kabisa. Wafu wamepumzika.

Aliye hai ana mama.